Sura ya Sita: Swali Linalongoja

Mgeni anayemtafuta mtu Nyabibuye haanzi na namba ya nyumba. Namba zipo. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilipita nchi nzima ikibandika vibao na kuzipa barabara majina. Lakini mgeni huja na jina mdomoni, kwa hiyo anauliza. Kakonko mjini wanamwonyesha kata iko upande gani. Katani, ofisi ya mtendaji inamtajia kijiji. Kijijini mwenyekiti anamtajia kitongoji, na kitongojini balozi anamwonyesha kwa kidole: pale penye migomba, mlango wa pili. Wale wa juu wote hawakumjua mtu huyo. Kila mmoja alijua tu nani aulizwe baada yake, na hilo lilitosha kumfikisha mgeni.

Mfumo wa majina ya intaneti, ambao mafundi huuita DNS, umejengwa kwa utaratibu huohuo. Paul Mockapetris aliubuni mwaka 1983. Kabla yake majina yote ya kompyuta yaliandikwa kwenye faili moja lililotunzwa na taasisi ya SRI huko California, na kila aliyetaka kuyajua alilazimika kulinakili faili zima. Mtandao ulipokua, faili likawaelemea watunzaji. Mockapetris akaligawa faili hilo ili kila ngazi itunze ya kwake na kuwaelekeza waulizaji kwa ngazi iliyo chini yake.

Basi simu ya mwanafunzi inapotaka matokeo.necta.go.tz, yenyewe haizunguki. Inaituma kazi hiyo kwa seva ya kuulizia, ile ya kampuni ya simu au ya shule. Seva hiyo huanza na seva za shina, inaelekezwa kwa seva za .tz, halafu kwenye go.tz, na mwisho inafika kwa seva zinazotunza majina ya Baraza la Mitihani (NECTA). Hizo za mwisho ndizo zenye mamlaka ya kutaja anwani ya IP, yaani namba ya nyumba. Namba ikirudi kwenye simu, ndipo ukurasa unapoanza kufunguka.

Seva za kuulizia na seva zenye mamlaka hufanya kazi mbili tofauti na huugua magonjwa tofauti. Fundi anayeziweka kwenye mashine moja ili kuokoa gharama anajipikia taabu, kwa sababu mojawapo ikilemewa, nyingine inakwenda nayo. Sura hii inahusu seva za kuulizia, siku ambayo watu wote wanauliza kwa pamoja.

Siku hiyo kwetu tunaifahamu. NECTA inapotangaza matokeo ya kidato cha nne, mara nyingi mwezi Januari, watahiniwa zaidi ya nusu milioni wanataka kuona matokeo yao, na kila mtahiniwa ana mama, kaka, shangazi na mwalimu wanaotaka kuyaona kabla yake. Ukikaa kijiweni siku hiyo utasikia neno moja: mtandao unazunguka. Wengi hudhani seva ya majina imechoka kwa wingi wa maswali. Nami niliamini hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka nilipokaa chini nikapiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kila jibu la DNS huja na muda wake wa kukaa, ambao mafundi huuita TTL, unaohesabiwa kwa sekunde. Jibu likiwa na TTL ya 3600, seva ya kuulizia ina ruhusa ya kulitunza kwenye akiba yake kwa saa nzima. Watu laki moja wakiuliza jina lile ndani ya saa hiyo, seva inatoka nje mara moja tu, na wengine wote wanajibiwa kutoka kwenye akiba kwa muda usiofika hata milisekunde moja. Hata TTL ikiwa sekunde 60, safari za nje ni 60 kwa saa. Swali moja linaloulizwa na umati mkubwa ni jepesi kuliko maswali mengi tofauti yanayoulizwa na watu wachache.

Kwa nini basi tusiweke TTL ndefu, ya wiki nzima, tukapumzika? Kwa sababu mambo huhama. Nyabibuye ilikuwa ndani ya wilaya ya Kibondo mpaka wilaya ya Kakonko ilipomegwa mwaka 2012. Aliyejifunza mwaka 2010 kwamba shauri la Nyabibuye hupelekwa Kibondo, na asiulize tena, aliendelea kuwaelekeza watu kwenye ofisi isiyowahusu. Akiba isiyokwisha muda hupotosha watu kwa njia hiyohiyo. Mwenye seva yenye mamlaka ndiye anayepaswa kupima jina lake litahama lini na mara ngapi. Mimi huona sekunde 60 kuwa fupi mno kwa jina ambalo halijahama miaka mitatu, na nimekutana na mengi ya namna hiyo. Ukitaka kuhama, punguza TTL siku mbili kabla, hama, kisha irudishe ilivyokuwa.

Ikiwa umati hauilemei seva, inalemewa na nini? Na kungoja. Nenda zahanati yoyote uone. Foleni ya asubuhi haitegemei idadi ya wagonjwa peke yake. Inategemea pia kila mmoja anakaa ndani kwa muda gani. John Little alithibitisha mwaka 1961 kwamba idadi ya waliomo ndani ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa, na kanuni hiyo haijali kama waliomo ni wagonjwa, magari au maswali ya DNS.

Chukua seva ya kuulizia inayopokea maswali 2,000 kwa sekunde. Tuseme asilimia 85 yanajibiwa kutoka kwenye akiba. Yanabaki 300 kwa sekunde ambayo lazima yatoke nje. Yakirudi kwa milisekunde 100 kila moja, basi wakati wowote kuna maswali 30 yanayongoja, ambayo mashine ndogo kabisa inayabeba bila kuhema. Sasa nusu ya seva za nje zinyamaze. Maswali 150 kwa sekunde hayapati jibu, na kila moja linangoja sekunde 10 kabla ya kukatiwa tamaa. Ghafla yanayongoja ni 1,500. Programu ya BIND, ambayo ndiyo kongwe na bado imeenea sana, huja ikiwa na kikomo cha maswali 1,000 yanayongoja. Kikomo kikifikiwa, seva inaanza kuangusha maswali, na haichagui: linaloangushwa linaweza kuwa lile la jina la nyumbani ambalo lingejibiwa kwa milisekunde 20. Kasi ya watu kuuliza haijabadilika hata kidogo na prosesa inafanya kazi kidogo kuliko jana, lakini mteja anaona mtandao umekufa.

Halafu wateja wenyewe wanazidisha. Kompyuta isiyojibiwa ndani ya sekunde chache huuliza tena. Programu ya simu huuliza tena na tena bila mwenye simu kugusa kitu. Tarehe 4 Oktoba 2021, saa 12:40 jioni kwa saa zetu, kosa la ndani la Facebook liliziondoa seva zake zenye mamlaka kwenye ramani ya intaneti, na Facebook, WhatsApp na Instagram zikatoweka kwa karibu saa sita. Cloudflare, wenye seva ya kuulizia ya umma inayojulikana kwa anwani 1.1.1.1, walieleza kwamba maswali kwao yaliongezeka mara 30. Watumiaji walikuwa walewale wa jana yake. Simu zao tu zilikuwa zimekosa jibu zikawa zinabisha hodi bila kupumzika. Mwezi Desemba 2023 wataalamu wa viwango vya intaneti walitoa waraka namba 9520 unaozitaka seva za kuulizia zitunze kwenye akiba hata kushindwa kwenyewe: ukitoka nje ukakosa jibu, usitoke tena kwa swali lilelile papo hapo. Ni agizo dogo, na linanifurahisha kwa sababu linakubali kwamba “nimeuliza, hakuna anayejibu” ni jibu linalostahili kukumbukwa kwa muda.

Nyumbani tulipata somo letu tarehe 12 Mei 2024. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika siku hiyo, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Fikiria sasa tovuti ya halmashauri au ya shule iliyowekwa kwenye seva Dar es Salaam. Kutoka Kigoma data inapita kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, nchi kavu mpaka pwani. Kati ya kampuni na kampuni inabadilishana kwenye kituo cha TIX, kinachofanya kazi Dar es Salaam tangu 2004. Hakuna mahali katika safari hiyo inapoigusa bahari. Lakini simu iliyopangwa kuuliza majina kwa seva iliyoko ng'ambo haiwezi kuifikia tovuti hiyo, kwa sababu haipati namba yake. Na seva ya kuulizia iliyopo nchini, ikiwa imejaa maswali ya majina ya Ulaya na Marekani yanayongoja sekunde 10 kila moja, inaweza kuliangusha hilo la nyumbani kama tulivyoona kwenye hesabu.

Kutoka Nyabibuye mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 10, na njia halisi ya kebo ni ndefu zaidi. Anayepata intaneti kupitia setilaiti ya mbali, ile iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, analipa takriban milisekunde 600 kwa kila kwenda na kurudi kabla hata seva haijaanza kufikiri. Jina lisilokuwemo kwenye akiba linaweza kuhitaji safari tatu au nne. Takriban sekunde mbili zimekwisha, na ukurasa mmoja wa habari unaweza kuwa na majina 20 tofauti ndani yake. Ndiyo maana nasema akiba iliyo karibu ina thamani kubwa zaidi Nyabibuye kuliko Upanga, Dar es Salaam.

Ina thamani zaidi pia pale watu wengi wanaposhiriki njia moja nyembamba. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia 2015 ikapokea Warundi wengi. Mahali kama hapo, watu wanaotumia akiba moja ya majina wanasaidiana bila kujuana: wa kwanza kuuliza ndiye anayelipa safari, na wote wanaokuja nyuma yake wanapita bure mpaka TTL iishe. Kadiri waulizaji wanavyoongezeka, ndivyo sehemu ya maswali yanayokuta jibu tayari inavyopanda. Mifumo mingi huzidi kuwa mizito watu wakiongezeka. Akiba ya majina, ikipangwa vizuri, inazidi kuwa nyepesi kwa kila mtu.

Sasa mikono kazini. Ninachofanya kwanza kwenye seva yoyote ya kuulizia ni kuzuia kungoja kusimeze kila kitu. BIND ina mipangilio ya kuweka kikomo cha maswali yanayongoja kwa kila kikoa na kwa kila seva ya nje, ili kikoa kimoja kilichonyamaza kisiwaburute wengine. Kinga hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya shambulio ambalo bado lipo: mtu anauliza majina ya kubahatisha ndani ya kikoa kimoja, herufi zisizo na maana, maelfu kwa sekunde. Akiba haisaidii kwa sababu kila jina ni jipya, na kila moja linatoka nje kwenda kungoja. Pale kikoa kilipotiwa saini za DNSSEC, zinazothibitisha ukweli wa majibu, kuna dawa nzuri zaidi, iliyoandikwa mwaka 2017 katika waraka namba 8198. Seva yenye mamlaka ikikuthibitishia kwamba kati ya jina hili na lile hakuna kitu, unaweza kukanusha majina yote ya katikati bila kutoka tena.

Baada ya hapo naruhusu majibu yaliyopitwa na muda. Waraka namba 8767 wa mwaka 2020 unakubali kwamba seva yenye mamlaka isipopatikana, seva ya kuulizia itoe jibu la zamani kwa muda mfupi huku ikiendelea kujaribu. BIND na Unbound, programu nyingine ya seva ya kuulizia, zote zinalifanya hili. Wapo mafundi ninaowaheshimu wanaolipinga, wakisema jibu lililokwisha muda ni uongo. Naelewa hoja yao, lakini nikiwa na mwalimu mbele yangu ambaye mkongo umekatika baharini, nampa namba ya jana. Mara nyingi nyumba bado iko palepale. Naongeza na kuchukua mapema: jina linaloulizwa sana likikaribia kuisha muda, seva ilitafute upya kabla halijaisha, ili asiwepo mtu wa kulipa safari. Na nakala ya majina ya shina naiweka kwenye mashine yenyewe, kama waraka namba 8806 unavyoeleza. Ni faili la takriban megabaiti mbili. Kwa mahali palipo mbali, ngazi ya kwanza ya safari inakuwa imefutika.

Kuna ugonjwa mmoja ambao hauko kwenye programu ya DNS kabisa, na ulinigharimu usingizi. Niliitwa na mtoa huduma mmoja mdogo wa intaneti siku ya matokeo. Wateja walikuwa wakilalamika tangu asubuhi. Prosesa ya seva ilikuwa ikitumika chini ya asilimia 20, RAM ilikuwa tele, na ndani ya mashine kila jina nililouliza lilijibiwa mara moja. Tuliongeza akiba, tukabadilisha programu, tukawasha upya, na hakuna kilichosaidia. Jioni nikafungua kumbukumbu za Linux yenyewe na kukuta mstari uleule umejirudia kurasa kwa kurasa: jedwali limejaa, pakiti inatupwa. Fayawoli ilikuwa ikiandika kila swali la DNS kwenye daftari lake la miunganisho na kulikumbuka kwa sekunde 30. Daftari lilikuwa na nafasi 65,536. Gawanya kwa 30 utapata 2,184. Hiyo ndiyo idadi ya maswali kwa sekunde ambayo mashine ile ingeweza kupokea, hata ingekuwa na prosesa mia. DNS nyingi hupita kwa UDP, swali moja na jibu moja. Hakuna muunganisho wa kukumbuka. Tukaiambia fayawoli isifuatilie mlango wa DNS, namba 53, na malalamiko yakaisha kabla sijamaliza chai. Wateja wale walikuwa wamepoteza siku nzima, siku ambayo haikupaswa kupotea, na bado inaniuma.

Tangu hapo naanza chini. Natazama kama Linux inaripoti pakiti za UDP zilizotupwa kwa bafa kujaa. Kwenye Linux nyingi bafa ya kupokelea huja na ukomo wa baiti 212,992, ambao wimbi la ghafla huujaza kwa kufumba na kufumbua, na kuupanua ni kazi ya mstari mmoja. Natazama kama kila kiini cha prosesa kinapata soketi yake ya kupokelea, jambo ambalo Linux inaliweza tangu toleo la 3.9 la mwaka 2013. Nazima uandishi wa kila swali kwenye diski. Na nahakikisha seva inawajibu wateja wake tu. Seva ya kuulizia iliyo wazi kwa dunia nzima itatumiwa na wahuni kumpiga mtu mwingine kwa majibu makubwa kuliko maswali, na wewe ndiye utakayelipia laini.

Upimaji ufanyike kabla ya siku yenyewe. Programu ya dnsperf hutuma maswali kwa kasi unayotaka. Ipe orodha ya maswali halisi ya wateja wako, kwa sababu orodha ya jina moja itakupa sifa usizostahili. Wastani wa muda wa majibu usikulaghai. Tazama lile jibu lililochelewa kuliko mengine 99 kati ya 100, maana ndilo litakalomfanya mtu aseme mtandao unazunguka.

Kwa sekondari ya kata yenye maabara ya kompyuta 20, mashine ndogo ya gigabaiti moja ya RAM yenye Unbound inatosha shule na walimu wote, na sola ndogo inaiendesha. Ukishaipanga, chagua mchana usio na vipindi. Fungua tovuti ambazo wanafunzi huzifungua kila siku, ya Baraza la Mitihani ikiwemo, ngoja mpaka TTL zao ziishe, kisha chomoa kebo inayokwenda nje. Kaa kwenye kompyuta ya mwisho, ile ya dirishani, uliza jina la Baraza la Mitihani. Ukurasa hautafunguka, kwa kuwa njia umeikata mwenyewe. Lakini namba ije. Isipokuja, rudi kwenye mipangilio ya majibu yaliyopitwa na muda, utazame kama ulisahau kuiwasha. Ikija, rudisha kebo.